Unga wa matunda hausafishi ubongo

SWALI: Daktari, mama yangu ana miaka 72 na ana ugonjwa wa Alzheimer. Anatumia donepezil. Tumeletewa unga wa matunda wenye antioksidanti nyingi (viini vinavyozuia oksijeni kuharibu seli), na muuzaji anasema unasafisha ubongo kwa miezi mitatu, mradi dawa za hospitali ziachwe. Tumpe? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Msimpe, na donepezil isiachwe bila agizo la daktari wake. Dawa hiyo haiponyi, ila hupunguza dalili, na mgonjwa anayeiacha ghafla anaweza kudhoofika upesi.

Matunda yenyewe sina ugomvi nayo. Mama ale zambarau msimu wake ukifika, ale mapera, anywe na juisi ya ubuyu isiyojazwa sukari. Utafiti wa wauguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012, uliohusu wanawake zaidi ya 16,000, ulionyesha kwamba waliokula zaidi bluberi na stroberi walipungukiwa kumbukumbu polepole kuliko wenzao. Hata hivyo, wanawake hao walijichagulia chakula wenyewe, na hakuna aliyeponywa Alzheimer kwa stroberi.

Kinachonichosha ni hoja ninayoletewa kila wiki: kwa kuwa ni kweli kwamba oksidisheni, yaani mmenyuko wa oksijeni mwilini, huharibu seli za ubongo, basi kadiri antioksidanti zinavyoongezwa ndivyo ugonjwa utakavyorudi nyuma. Kinachofanya kazi kwenye chupa ya maabara kinapaswa kwanza kupita tumboni na kwenye ini, kisha kivuke kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo, na huko kinakuta protini za amiloidi na tau zilizoanza kurundikana miaka mingi kabla ya mtu kusahau jina la mjukuu wake. Jambo hili limejaribiwa. Katika jaribio la mwaka huohuo wa 2012, wagonjwa wa Alzheimer walipewa vitamini E, vitamini C na asidi ya alfa-lipoiki kwa wiki 16. Amiloidi na tau katika maji ya uti wa mgongo hazikubadilika, na alama zao za kipimo cha akili zilishuka haraka kuliko za wasiopewa. Vitamini E nyingi, kwa mgonjwa anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), huongeza pia hatari ya kutokwa na damu.

Soma lebo ya kopo hilo. Makopo ninayoletewa hutaja kisukari, presha, nguvu za kiume na kusahau kwa pamoja, bila kueleza kilichomo wala kipimo chake. Anayeuza kitu cha namna hiyo na kuwaambia watu waache dawa ni tapeli, hata akivaa koti jeupe. Wanaoumia zaidi ni wale ambao hawakuwahi kupimwa kabisa, kwa sababu kusahau kwa mzee huweza kutokana na upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kufanya kazi kwa udhaifu, au sonona, na yote hayo yana tiba. Familia hununua kopo la pili na la tatu, na mzee anapofikishwa kliniki, kipimo cha damu ambacho kingefanyika siku ya kwanza kinakuta mishipa ya fahamu imekwisha kuharibika kwa kukosa B12.