Kifaa cha umeme cha kipandauso: mimi nabonyeza dakika ya saba

Siku ya kwanza nilikipachika kile kifaa kwenye paji la uso, nikaketi kitandani, nikajiapiza kuvumilia mpaka mwisho. Dakika ya tano machozi yakaanza kunitoka. Ya sita nikakibandua bila hata kukizima, na hapo ndipo nilipojua maumivu ni nini: kibandiko kikiachia nusu, umeme wote hupita kwenye kipande kilichobaki, unauma kama nyigu. Nikakirudisha kwenye boksi. Kilikaa humo wiki tatu.

Kama chako nacho kiko kwenye boksi, haya nakuandikia wewe.

Kibandiko hukaa katikati ya paji, juu kidogo ya nyusi, kwa sababu hapo chini ya ngozi hupita matawi ya neva ya trijemina, ile inayopeleka habari za maumivu ya kichwa kwenye ubongo. Cefaly, kilichoruhusiwa Marekani mwaka 2014 kwa ajili ya kukinga kipandauso, ni cha aina hii. Kuna programu mbili. Ya kinga ni dakika 20 kila siku, mapigo 60 kwa sekunde. Ya kutuliza, ukishashikwa, ni dakika 60, mapigo 100 kwa sekunde. Hayo hayabadilishwi na mtumiaji. Unachokimiliki wewe ni nguvu. Inapanda polepole kwa dakika kama 14 hadi kufikia miliampia 16, lakini ukibonyeza kitufe njiani, inabaki palepale ilipofika.

Maelezo ya kitufe hicho nilikuwa nimeyasoma. Nikadhani ni cha waoga.

(Daktari wa Kirumi Scribonius Largus, katika karne ya kwanza, alishauri mwenye maumivu ya kichwa awekewe taa wa umeme aliye hai, samaki, si taa ya kuwashia, mpaka pale panapouma paingie ganzi. Taa yule hakuwa na kitufe.)

Nilipokitoa tena kwenye boksi nilibonyeza dakika ya tatu. Nikahisi sisimizi wanatembea juu ya nyusi, basi. Nikakaa hapo wiki nzima. Wiki iliyofuata nikaongeza dakika moja, na nyingine tena, hadi nikafika ya saba, na sijaona sababu ya kupita hapo. Kipimo changu ni kitabu: mtekenyo uwe wa nguvu, upande hadi kwenye nywele na ushuke kidogo puani, lakini niweze kusoma ukurasa mzima bila kurudia sentensi. Nikijikuta nimekunja uso, nimepitiliza.

Usije ukabaki chini mno pia kwa sababu ya raha. Katika jaribio la Ubelgiji lililochapishwa mwaka 2013, wagonjwa 67 walifuatwa kwa miezi mitatu, wengine wakipewa kifaa cha bandia chenye umeme hafifu. Waliopungukiwa na siku za kipandauso kwa nusu au zaidi walikuwa asilimia 38.1 kwa kifaa halisi, 12.1 kwa kile cha bandia. Usipohisi chochote, huenda unajibandikia cha bandia mwenyewe.

Sasa, jambo lililonichukua muda kuligundua: kiwango hakikai mahali pamoja. Siku ya kipandauso ngozi ya paji langu huwa laini kiasi kwamba hata kuchana nywele kunauma. Dakika ya saba ya siku za kawaida inakuwa mateso. Siku hizo nabonyeza ya nne, naiacha saa nzima imalize, taa zikiwa zimezimwa.

Na mara nyingi tatizo si nguvu, ni ngozi. Mafuta au losheni vikiwepo, umeme haupiti sawasawa. Nafuta paji kwa pamba yenye spiriti, nasubiri likauke kabisa, ndipo nabandika. Kibandiko chenyewe huzeeka. Kipindi fulani nilianza kuchomwa mapema, dakika ya nne badala ya saba, nikadhani kichwa kimekataa matibabu, kumbe jeli imekauka. Nilibadilisha kibandiko, nikarudi kwenye saba siku ileile. Ukiota vipele, hilo ni jingine: acha, uliza kama kuna vibandiko vya ngozi nyepesi.

Mimi hukitumia usiku kwa kuwa kinaniletea usingizi. Usikivae ukiwa unaendesha gari.

Mwenye kifaa cha kuendesha moyo, au chuma au kifaa chochote kilichopandikizwa kichwani, asijaribu. Aliyeumia kichwa hivi karibuni, au ambaye maumivu yake ni mapya na hayajapata jina, aanze kwa daktari. Na zile mashine za umeme za mgongo na magoti zisipelekwe kichwani hata ukipunguza nguvu kiasi gani. Hazikutengenezwa kwa ajili hiyo.

Kuna uchunguzi wa watu 2,313 waliokodi kifaa kama hiki. Zaidi kidogo ya nusu waliamua kubaki nacho. Kwa waliorudisha, kumbukumbu za ndani ya kifaa zilionyesha walikitumia chini ya nusu ya muda walioelekezwa. Niliposoma hapo nikaliona boksi langu.

Ndiyo maana siku hizi nina daftari: tarehe, dakika niliyobonyeza, kichwa kiliuma au hakikuuma. Mistari mitatu, haizidi. Mwezi wa kwanza una siku nane za kichwa, wa nne una tano. Vidonge bado viko kwenye droo, na mwezi huu nimevifungua mara mbili.