Maswali Yenu: Tuzamishe matairi tupate kamba koche?

Swali: Ami shikamoo. Mimi ni mzamiaji wa Kigombe, Tanga, tuko vijana saba tunatafuta kamba koche na pweza kwa miwani na pumzi zetu tu. Baba zetu walikuwa wanawapata hapo hapo mwamba wa karibu, siku hizi unapiga kasia mpaka mabega yanawaka moto na unarudi na wawili watatu tena wadogo. Sasa kuna fundi wa gereji mjini anasema ana matairi mabovu kibao anatupa bure, tuyafunge pamoja tuyazamishe yawe nyumba za kamba koche, na tumeona video wenzetu nchi za nje wanavuna balaa kwa mtindo huo. Wazee wanasema tutaleta ugomvi tu. Ami, hii dili ni ya kweli?

Jibu: Marahaba mwanangu. Tuanze na matairi ili tumalizane nayo, jibu ni hapana, mwambie fundi asante abaki nayo. Mwaka 1972 kule Florida, Marekani, karibu na Fort Lauderdale, walizamisha matairi kama milioni 2 kwa nia nzuri kabisa kama yenu, wakayafunga mafungu mafungu, chumvi ikala vifungo, matairi yakaachia yakawa yanatembea na kila dhoruba yakigonga matumbawe yaliyo hai, na kuanzia 2007 ikabidi wazamiaji wa jeshi waje kuyatoa moja moja. Wewe unalijua kusi la kwetu linavyosukuma maji, tairi litakaa wapi?

Lakini nyumba zenyewe ni kitu cha kweli, hapo video hazikudanganya. Cuba walianza zamani kwa kupanga magogo na matawi chini ya maji. Mexico, pwani ya Quintana Roo, kijiji cha Punta Allen, wanatumia kibanda kifupi cha zege wanakiita casita, yaani paa bapa kama meza iliyokatwa miguu, uwazi wa chini mdogo kiasi kwamba kamba anapita ila chewa mkubwa anabaki nje. Kamba koche mchana anajificha, usiku ndio anatoka kula, na anapenda kukaa na wenzake, ukipata kibanda kizuri unakuta wengi wamejipanga antena nje. Mzamiaji anashuka kwa pumzi yake, mtungi wa gesi hauruhusiwi, anamtoa akiwa hai anampima, mdogo anarudi, jike mwenye mayai anarudi. Na kuanzia Machi mpaka mwisho wa Juni hawavui kabisa.

Sasa nisikilize vizuri hapa maana ndipo watu wengi wanapokosea wakiona video. Kilichowaweka wale watu sio zege. Bahari yao wameigawa, kila mwanaushirika ana eneo lake na vibanda vyake, mwenzie hagusi, kwa hiyo ukimrudisha mdogo leo unajua akikua utamkuta wewe, sio jirani. Toa huo mgao, bakiza zege peke yake, utakuwa umewajengea kamba mahali pa kukusanyika ili wamalizwe haraka zaidi, kwa sababu zamani mwizi alikuwa anatafuta shimo kwa shimo na sasa umemuonyesha mlango. Wazee wako wameliona hilo kabla yangu na wako sahihi, ugomvi utakuja kama hamjakaa kwanza mkakubaliana vibanda ni vya nani, na mama zetu wanaochokoa pweza maji yakikupwa wawepo kwenye kikao hicho, wasije kuletewa taarifa tu baadaye.

Jingine, kibanda hakizai kamba. Mtoto wa kamba koche anaelea baharini miezi kadhaa, mwembamba kama jani la kioo, mkondo unampeleka mbali kabla hajatua kwenye majani ya maji mafupi, kwa hiyo wako wanaweza kuwa wametoka kwa mama wa pwani nyingine kabisa. Kibanda kinasaidia pale tu ambapo chakula kipo na maficho hakuna. Huku kwetu hilo lipo kweli, maana baruti ilivunja miamba mingi ya Tanga ikabaki kifusi kinachobiringika, mashimo yamekwisha. Kwa hiyo mkiweka, wekeni kwenye mchanga karibu na majani ya bahari, msiweke juu ya tumbawe hata kama linaonekana limekufa, na kiwe kizito kisihamishwe na bamvua. Anzeni na vichache, hesabuni kila mwezi mnachokikuta ndani, muandike kwenye daftari. Na angalieni pweza asihamie humo, wazamiaji wa Lamu wanamtumia pweza kumtisha kamba atoke shimoni, ujue anavyomuogopa.

Na kabla hata ya kununua mfuko mmoja wa simenti, nendeni BMU ya kijiji, yaani kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi wa pwani yenu, kwa afisa uvuvi, na ofisi ya hifadhi, kwa sababu Kigombe iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyoanzishwa 2009, hamuwezi kushusha zege humo kimya kimya hata kama bahari mmezaliwa nayo. Najua kuzungushwa maofisini kunachosha mwanangu. Ila mkipata karatasi, siku mtu wa mbali akija kuvunja vibanda vyenu usiku mtakuwa na pa kusimamia, bila karatasi ninyi ndio mtaonekana wakosaji.

Swali: Mimi ni mama lishe hapa Sahare. Kijana anayeniletea kamba koche, wengine wana mayai ya rangi ya chungwa chini ya mkia na wengine anayakwangua kabisa ndio analeta. Nichukue?

Jibu: Usichukue dada, na mwambie sababu usimfukuze tu. Jike mmoja anabeba mayai malaki. Anayekwangua anajua anachofanya, tazama chini ya mkia, vile vijimanyoya vinakuwa vimechanika, mrudishie mzigo wake. Akikuuliza afanye nini akimpata wa hivyo, amwachie pale pale alipomtoa, asimweke kwanza ndani ya ngalawa juani akasubiri kurudi, mayai hayo yatakuwa yamekufa kabla hajafika.