Wanaokwenda Auschwitz wanafuata nini
Wengi hawaendi kushangaa vifo. Kambi ile ya Wanazi wa Hitler kule Poland ndiyo makaburi ya watu wasio na kaburi: waliuawa wapatao milioni 1.1, karibu milioni 1 wakiwa Wayahudi, miili ikachomwa. Jamaa zao hawana pengine pa kuwaombea. Walionusurika ndio waliopigania pahifadhiwe, makumbusho yakafunguliwa 1947. Halafu kuna ushahidi wenyewe: masanduku ya safari yenye majina ya wenyewe, viatu rundo kwa rundo, hata nywele (hapo hairuhusiwi kupiga picha). Ukishaviona, anayesema mauaji yale hayakutokea hakubabaishi. Wa kujipiga picha kwenye reli iliyowaleta wafungwa kambini nao hawakosekani. Watoto chini ya miaka 14 inashauriwa wasipelekwe.