Maswali ya Kiingereza: compact, binding na mawe mazito

SWALI: Mwalimu shikamoo. Niko Kahama, nachapa nyaraka ofisini. Hili neno compact linanivuruga kweli, kwenye ripoti ya barabara lipo, kwenye tangazo la gari lipo, halafu nikisoma habari za serikali na Marekani nalikuta tena. Ni neno moja au ni mengi? Na binding agreement ni mkataba wa namna gani?

JIBU: Marahaba dada yangu. Kwanza hujakosea kuvurugika, maana hapo una maneno mawili ya Kilatini, moja la kubana vitu vikashikana na jingine la watu kupatana, Waingereza wakaja kuyaandika sawa. Kwenye ripoti ya barabara ukikuta soil compacted to 95 percent ujue udongo umeshindiliwa mpaka ukafikia asilimia 95 ya densiti ya juu kabisa (uzito kwa ujazo) iliyopatikana maabara, na compact car ni gari dogo lisilokula nafasi. Hilo ni kundi la kubana.

Kundi la kupatana ndo lile la habari za serikali. Februari 2008 Tanzania na Marekani zilisaini compact kupitia MCC, shirika la misaada la serikali ya Marekani, dola milioni 698 za barabara, umeme na maji, barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ilikuwa humo. Ukitafsiri hapo andika mkataba au makubaliano, usiandike kitu cha kubana hata kidogo. Kwenye kutamka nako wanatofautisha, ikiwa mkataba sauti inapanda mwanzoni, KOM-pakt, ikiwa kushindilia inapanda mwishoni, kom-PAKT. Na ndugu yake contract ana mchezo huohuo, KON-trakt ni mkataba ila kon-TRAKT ni kusinyaa au kupata ugonjwa, kwa hiyo he contracted malaria hajasaini chochote jamani, kaumwa malaria.

Sasa binding. Ni kufunga, ndo maana hata stationery tunapeleka ripoti ikabaindiwe, na binding agreement ni makubaliano yanayowafunga waliosaini, ukikiuka mwenzio anaweza kukupeleka mahakamani. Hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu watu wanaumia sana hapa: jina la juu ya karatasi halikuambii kama imefunga au la. Makubaliano ya dunia kuhusu wahamaji yaliyopitishwa Marrakech 2018 yanaitwa Global Compact na yenyewe yanasema wazi kwamba hayafungi kisheria, wakati compact nyingine zinafunga kabisa. Kwa hiyo shuka chini kwenye vitenzi. The employer shall pay, hapo mwajiri lazima alipe. The employer may pay, hapo anaweza kulipa na anaweza asilipe, na wewe ukiichapa kwa Kiswahili ukaandika "atalipa" umempa mfanyakazi haki ambayo hana, akija kudai anaambiwa rudi kwenye ile ya Kiingereza. Ukikuta pia subject to contract juu ya barua ujue wanasema bado hatujafungana, tunaongea tu, kwa hiyo hayo maneno matatu usiyaruke hata kama barua ni ndefu na bosi anakuharakisha, bora akusubiri.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa sekondari Kwale. Mchanga uliokuwa unachimbwa kwetu wanauita heavy minerals, lakini mwalimu wa fizikia anasisitiza dense. Nani yuko sahihi? Na neno lead linatamkwaje?

JIBU: Wote mdogo wangu, ila mwalimu wako yuko makini zaidi. Heavy inategemea umebeba kiasi gani, gunia la pamba linaweza kuwa heavy kuliko kipande cha dhahabu. Dense inauliza kitu kilichojaa nafasi ileile kina uzito kiasi gani. Mchanga wa kawaida, ule wa kwatzi, una densiti kama 2.65, yaani gramu 2.65 kwa kila sentimita moja ya ujazo, lakini madini ya Kwale, yaani ilmenaiti, rutaili na zirkoni, yanaanzia kama 4.2 kwenda juu. Ndo maana waliweza kuyatenganisha na mchanga wa kawaida kwa maji tu kwenye mifereji iliyojizungusha, mchanga mwepesi unasukumwa pembeni, mawe mazito yanabaki karibu na katikati. Wanajiolojia wamezoea kusema heavy na huwezi kuwabadilisha, ila kwenye mtihani wa fizikia andika dense.

Tungsten, jina la metali moja, nalo ni neno la Kiswidi, maana yake jiwe zito, na densiti ya metali hiyo ni kama 19.3, karibu sawasawa na dhahabu. Matapeli wanalijua hilo, wanaiweka katikati ya kipande cha dhahabu, mnunuzi anapima kwa maji anaona sawa kumbe kaliwa. Halafu ukisikia mtu anaambiwa you are dense usicheke ukadhani kasifiwa, kaambiwa kichwa kizito, ni tusi hilo.

La mwisho, uliuliza pia lead inatamkwaje. Ikiwa kuongoza ni liid, ikiwa ile madini ya risasi ni led. Unleaded iliyoandikwa kwenye pampu za petroli ni an-leded, petroli isiyo na risasi.