Mzio si Muziro: Kumlea Mtoto Asiyeweza Karanga

Nimezaliwa Busia, upande wa Uganda, ambako samaki aitwaye kamongo tunamla mpaka tunanyonya mifupa. Nikaolewa Mukono, katika ukoo wa Mmamba wa Baganda, na huyo mmamba ndiye kamongo wangu. Kwao ni muziro, katazo la ukoo, hawamli. Nikajifunza kunyamaza kuhusu samaki, nikadhani habari ya vyakula vilivyokatazwa nimeimaliza.

Mwanangu wa kwanza alikuwa na miezi kumi na mmoja mama mkwe alipomlisha matoke na mchuzi wa binyebwa, yaani karanga, wenye dagaa waitwao mukene. Vijiko viwili tu. Haikupita robo saa midomo ikavimba, mabaka yakamtoka tumboni, akatapika, kisha sauti ikakauka na kifua kikaanza kupiga mluzi. Jirani akasema ni mayembe, mapepo ya uganga. Mwingine akataka tumpe maziwa. Tulipanda boda mpaka kliniki ya karibu, wakatupa piriton ya maji na kutuambia turudi nyumbani. Nyumbani hatukufika, kwa sababu njiani alianza kulegea mikononi mwangu. Kituo cha pili nesi alimtazama mara moja, akamchoma adrenalini pajani, upande wa nje. Baada ya dakika chache mtoto akalia kwa sauti yake kamili. Sijawahi kufurahia kilio namna ile.

Nesi yule ndiye aliyenieleza kwamba dawa kama piriton hupunguza mwasho na vipele tu, haifungui koo wala haipandishi presha iliyoshuka. Kazi hiyo ni ya adrenalini, na inatakiwa mapema. Mgonjwa alazwe chali na miguu iinuliwe, asisimamishwe wala asitembezwe; akipumua kwa shida, aketishwe. Hata akipata nafuu abaki hospitali kwa saa kadhaa, maana hali hiyo inaweza kurudi.

Basi nikarudi kwa wakwe nikawaambia, "Karanga ni mzio wake." Wakaitikia kwa haraka mno. Walisikia muziro. Na muziro wanaujua: ukiwekewa kipande cha mmamba kwa bahati mbaya unakitoa, maisha yanaendelea. Mtoto alipofikisha miaka mitatu, senga wake, yaani shangazi, alimpakulia matoke safi kabisa, mchuzi wa binyebwa kando, ila kwa mwiko uleule. Midomo ikavimba tena. Senga alilia kuliko mimi. Kiswahili nacho kina utani wake: mwiko ni katazo, na mwiko ni kile cha kupakulia. Kwetu vilikutana kwenye sufuria moja.

Tangu siku hiyo nimeacha kusema "mzio" na nimeacha kusema "hali karanga", kwa sababu asiyekula huonekana anaringa. Nasema: "Karanga kwake ni sumu, hata iliyobaki kwenye kijiko." Watu wanaelewa papo hapo. Wengine huuliza kama ni ile sumu ya ukungu, aflatoksini. Siyo. Karanga safi kabisa, mbichi, ya kuchemsha au ya kukaanga, zote ni zilezile kwake. Kinga ya mwili wake huona protini ya karanga kama adui na kuishambulia, na moto wa jikoni hauiondoi protini hiyo.

Ugumu wa Uganda ni kwamba karanga hapa ni mboga, na mboga haionekani. Luwombo, mchuzi unaopikwa ndani ya jani la mgomba, unafika umefungwa, hujui ndani kuna nini. Ukienda kaskazini, mboga za majani kama boo na malakwang huungwa kwa odii, na odii ni simsim (ufuta) au karanga zilizosagwa, au vyote viwili; wewe unaona majani mabichi tu. Unga wa uji wa lishe nimeacha kuununua, kwa sababu mara nyingi umechanganywa na karanga, na mashine inayosaga soya sokoni ndiyo inayosaga karanga. Nasaga mahindi yangu nyumbani, kwa kinu kisichoazimwa. Na mama mwenye mtoto kama wangu ajue pia kwamba vile vifuko vya chakula cha tiba wanavyopewa watoto wenye utapiamlo kwa kawaida hutengenezwa kwa karanga. Amwambie mhudumu kabla kifuko hakijafunguliwa.

Maharagwe na kunde anakula bila shida, ingawa karanga ni ndugu zao, si ndugu wa korosho. Korosho na simsim nazo tulisubiri kwanza apimwe na daktari.

Shuleni nilipambana na jambo dogo: ile dawa ya spiriti ya kupaka mikononi. Walimu waliiona inatosha. Inaua vijidudu, ndiyo, lakini protini ya karanga inabaki kiganjani. Sabuni na maji ndivyo vinavyoiondoa. Nilinunua mche wa sabuni, nikaupeleka mwenyewe darasani.

Kalamu za adrenalini, sindano zenye dawa tayari wanazobeba watu wa Ulaya, sijazipata katika duka la dawa hata moja nililouliza. Nina kichupa na bomba la sindano, kipimo kimeandikwa na daktari kulingana na uzito wa mtoto, na nesi alinifundisha mpaka mkono ukaacha kutetemeka. Nakihifadhi mbali na jua na kila mwezi natazama tarehe. Namba ya mwenye boda imebandikwa ukutani.

Mdogo wake alipozaliwa nilitaka kumficha karanga mpaka akue. Daktari akanikataza. Utafiti wa LEAP wa Uingereza, uliotoka mwaka 2015, ulionyesha kwamba watoto wachanga walio hatarini wakianza kula karanga mapema na kuendelea, mzio hupungua kwa karibu asilimia 80. Alipimwa kwanza, akaonjeshwa uji wenye karanga laini akiwa na miezi sita, hospitalini. Leo anakula bila taabu, na inabidi aendelee kula. Kwa hiyo mara tatu kwa wiki anavuka shamba kwenda kwa jaja, bibi yake, kula binyebwa, ananawa kwa sabuni, ndipo anarudi kwa kaka yake.

Huko kwa jaja kuna sufuria moja imefungwa kipande cha lubugo, nguo ya gome la mti, kwenye mshikio, ya kaka mtu peke yake. Wageni wakiuliza, mama mkwe huwajibu: "Huyu ana miziro miwili, mmamba na binyebwa. Ila huu wa pili hata mwiko hatuuazimi."