"Flying colours" si rangi zinazoruka

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi steshenari hapa Ngamiani, Tanga, nachapa na kutafsiri barua za watu. Mteja kaniletea barua ya chuo yenye maneno "passed with flying colours", nikaandika "alifaulu kwa rangi zinazoruka". Alicheka mpaka akakaa kwenye benchi. Nilitakiwa niandikeje? Na aliyepata C anafaa kuambiwa hivyo?

JIBU: Marahaba. Kilichokuponza ni "colours". Maana ya kwanza kwenye kamusi ni rangi, lakini ukishuka chini utakuta bendera, hasa ya meli au ya kikosi cha jeshi. Na "flying" hapa ni kupepea. Meli iliyorudi vitani bendera ikipepea mlingotini haikushindwa. Iliyosalimu amri ilishusha yake.

Wewe wa Tanga picha hii unayo nyumbani. Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Kiingereza, Fox, ilifika hapa, na nahodha wake akawapa Wajerumani muda wa saa moja washushe bendera. Hawakushusha. Vita vikapiganwa, na tarehe 5 waliorudi melini mbio ni Waingereza. Kwa msemo wao wenyewe, "flying colours" zilikuwa za Mjerumani. (Mimi sina upande hapo, wote walikuwa wageni.)

Zamani msemo ulimaanisha kutoka salama bila kuaibika, basi. Leo ni kufaulu vizuri mno, kwa hiyo wa C hahusiki. Kwake "passed" inatosha.

Kwenye tafsiri, "kwa kishindo" ni nzuri gazetini, ila kwenye barua ya chuo inapiga kelele. Jihadhari zaidi na "alipeperusha bendera". Ndiyo inayofanana kabisa na picha ya Kiingereza, na ndiyo itakayokupoteza, maana kwetu anayepeperusha bendera ni mwakilishi: timu iliyokwenda nje inapeperusha bendera ya taifa hata ikifungwa mabao matano.

Ukiuandika kwa Kiingereza, ni "with", si "in", na "colours" haiachi wingi wake. Wamarekani huandika "colors". Sisi tunafuata Uingereza, usiiondoe hiyo "u".

Mteja wako mwandikie: "Alifaulu mtihani wake kwa kiwango cha juu sana." Mchapie upya, na safari hii usimtoze.