Kampuni inalipa, serikali inapiga muhuri: nani yuko upande wa binti yangu?

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu mwenye umri wa miaka 19 ameombwa kushiriki katika majaribio ya dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU. Alirudi nyumbani na fomu ya kurasa 14. Nilipovaa miwani na kuisoma, nilikuta katika ukurasa mmoja jina la kampuni ya dawa ya ng'ambo iliyoandikwa kuwa ndiyo mdhamini, jina la kituo cha utafiti cha hapa kwetu, na muhuri wa baraza la serikali. Ikiwa kampuni ndiyo inayolipa na serikali ndiyo inayopiga muhuri, mwanangu atetewe na nani? Mama Z., Bombo.

JIBU: Mama Z., umefanya vyema kuusoma ukurasa ambao wengi huupita haraka wakitafuta mahali pa kutia sahihi. Majina hayo matatu yanapaswa kuwa pale. Kupima dawa mpya kwa maelfu ya watu hugharimu fedha ambazo wizara zetu hazina, na utafiti wa afya Uganda umetegemea fedha za nje tangu zamani: taasisi ya virusi ya Entebbe ilianzishwa mwaka 1936 kwa msaada wa Rockefeller Foundation ya Marekani ili kuchunguza homa ya manjano. Kwa hiyo mimi siogopi uhusiano ulioandikwa wazi. Ninachokitafuta ni nani anaweza kuizuia kampuni, na kampuni imeahidi nini siku majaribio yatakapokwisha.

Kuhusu kuzuia, kamati ya maadili huupitia mpango wa utafiti kabla mtu yeyote hajachomwa sindano, Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia huusajili, na Mamlaka ya Taifa ya Dawa, yaani NDA, huruhusu dawa yenyewe itumike katika majaribio. Ni kweli kwamba kampuni hutozwa ada kwa huduma hizo, kama zinavyotozwa Marekani tangu mwaka 1992, na wasiwasi wako juu ya jambo hilo ni halali. Ndiyo maana mjumbe wa kamati mwenye maslahi katika utafiti unaojadiliwa hutakiwa kuyatangaza na kujiondoa katika uamuzi.

Kuhusu ahadi, historia yetu ina mengi ya kutufundisha. Mwaka 1997 yalianza katika hospitali ya Mulago, Kampala, majaribio ya nevirapine ya kuzuia mama asimwambukize mtoto wake VVU, dawa ya kampuni ya Kijerumani ya Boehringer Ingelheim, yakigharamiwa na serikali ya Marekani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha kuwa dozi moja kwa mama na moja kwa mtoto ilipunguza maambukizi kwa karibu nusu, ikilinganishwa na dozi chache za dawa ya zamani. Baadaye utunzaji wa kumbukumbu ulilaumiwa vikali, na mwaka 2002 kampuni ikaondoa ombi lake la kutaka dawa hiyo iruhusiwe Marekani kwa matumizi hayo. Jopo huru la wanasayansi lilipochunguza, likaeleza mwaka 2005 kwamba matokeo yalikuwa ya kuaminika. Nasimulia haya kwa sababu akina mama wa Mulago walikuwa wametimiza wajibu wao, na ubishi wa makaratasi ungeweza kuipotezea thamani damu waliyoitoa.

Mfano wa karibu zaidi ni lenacapavir ya kampuni ya Gilead ya Marekani, sindano ya kuzuia VVU inayochomwa mara mbili tu kwa mwaka. Ilipimwa kwa wasichana na wanawake vijana wa Uganda na Afrika Kusini, na mwezi Juni 2024 ikatangazwa kuwa kati ya wanawake 2,134 waliochomwa sindano hiyo hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Mwezi Oktoba kampuni ilitoa leseni, bila kudai mrabaha (malipo kwa mwenye hakimiliki), kwa viwanda sita vitengeneze dawa hiyo kwa bei nafuu kwa ajili ya nchi 120, Uganda ikiwemo. Lakini Brazil, Argentina, Mexico na Peru, ambako watu walijitolea katika majaribio mengine ya sindano hiyo hiyo, ziliachwa nje ya leseni, huku bei iliyotangazwa Marekani mwaka 2025 ikizidi dola 28,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Jambo hilo liliniuma, kwa maana Azimio la Helsinki, mwongozo wa maadili ya utafiti wa madaktari wa dunia, linataka suala la dawa baada ya utafiti lipangwe kabla utafiti haujaanza.

Basi ifungue tena ile fomu, mama. Tafuta aya inayoeleza kama binti yako ataendelea kupewa dawa ikithibitika kuwa inafaa, na aya inayosema nani atalipia matibabu akidhurika. Nauli anayorudishiwa kila anapohudhuria isichukuliwe kuwa ndiyo fidia. Ana haki ya kupewa fomu kwa lugha anayoielewa vizuri, kubaki na nakala yake, na kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu ya kawaida. Simu ya mwenyekiti wa kamati ya maadili inapaswa kuandikwa humo, kwa kawaida karibu na mwisho. Mpigie kabla binti hajatia sahihi, na umuulize swali hili hili ulilotuuliza sisi.